Kuchagua Mahali pa Kujenga katika Nchi ya Mito na Mbuga

(Hotuba iliyotolewa Buseresere mbele ya washarika na kamati za ujenzi za mitaa, katika maadhimisho ya miaka mia moja)



Wenzangu walionitangulia kusema wamewasimulia habari za watu: waliofundisha, waliobatizwa, waliotoa ng'ombe wao ili kazi isisimame. Hiyo ndiyo historia tuliyozoea kuihifadhi. Mimi nimeagizwa kusema juu ya ardhi iliyo chini ya miguu yetu. Kamati ya maandalizi imeniomba nieleze namna ya kuchagua mahali pa kujenga, kwa kuwa katika mwaka huu wa shukrani mitaa yetu kadhaa imekusudia kuanza ujenzi, na familia changa nyingi zinaendelea kununua viwanja pande zote mbili za barabara. Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nimefanya kazi ya ujenzi tangu ujana wangu. Ya pili ni kwamba katika kazi hiyo niliwahi kukosea, na kosa lenyewe ndilo nitakaloanza nalo.

Kosa la mwezi wa Agosti

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana mwenye cheti kipya cha ufundi, nilikuwa katibu wa kamati iliyotaka kujenga darasa la watoto wadogo. Mahali penyewe sitapataja, kwa maana wenzangu wa kamati ile hawapo hapa kujitetea. Tulikuwa na viwanja viwili vya kuchagua. Kimoja kilikuwa kwenye mteremko, chenye mawe, mbali na barabara. Cha pili kilikuwa tambarare, kando ya barabara, na mwenyewe alikitoa bure. Tulikwenda kukiona mwezi wa Agosti. Udongo ulikuwa mweusi, mkavu, umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Nilipima kwa futi kamba, nikawaambia wazee kwamba Mungu ametupunguzia gharama ya kusawazisha.

Tukiwa pale alipita bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akatuuliza, "Wanangu, mnajenga nini hapa?" Tukamjibu, "Darasa, bibi." Akasema, "La samaki?" Tulicheka, naye akaenda zake. Katika muhtasari wa kikao niliandika kwamba kiwanja kimekaguliwa na kinafaa. Swali la bibi yule sikuliandika.

Mwaka wa kwanza mvua zilikuwa haba na darasa likasimama vizuri. Mwaka wa pili, mwezi wa Aprili, maji yalikuja usiku. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda kimyakimya hadi magotini, yakakaa siku tatu. Kuta za tofali mbichi ziliyanywa kutoka chini. Yalipokauka tulifurahi, tukasema nyumba imeshinda. Siku ya nne, jua likiwa limewaka, ukuta mrefu ulianguka ndani, juu ya mikeka ya watoto. Ilikuwa Jumapili na watoto hawakuwamo. Laiti ingekuwa Jumatatu, mimi nisingekuwa na ujasiri wa kusimama mbele yenu leo.

Wapendwa, angalieni mambo mawili katika habari hiyo. Ukuta haukuanguka siku ya mvua bali siku ya jua, wakati ambapo kila mtu alidhani hatari imekwisha. Tena, fundi hakuiba saruji wala hakupindisha kamba. Kazi yake ilikuwa njema. Kosa lilitendeka kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa, pale tulipochagua mahali.

Ardhi ina majina

Wazee wetu hawakuwa na ramani, lakini walikuwa na majina. Katika nchi ya Wasukuma, ambao wengi wetu tumetoka kwao kabla ya kuhamia huku kwa Wazinza, kila hatua ya mteremko ina jina lake. Juu kabisa kuna miamba ya matale. Chini ya miamba kuna luseni, udongo wa kichanga uliotokana na kumomonyoka kwa mwamba wenyewe, ambao hunywa maji upesi na kukauka upesi. Ukiendelea kushuka unakuta itogolo, ardhi ambayo juu ni laini lakini chini yake kuna tabaka gumu lisilopitisha maji. Mwisho kabisa, bondeni, iko mbuga, udongo mzito mweusi wa mfinyanzi.

Majina hayo hayakuwa mapambo ya lugha. Yalikuwa maagizo. Nyumba iliwekwa juu, karibu na miamba na luseni. Ng'ombe walichungwa katika itogolo. Mbuga ililimwa, na siku hizi ndipo tunapochimba majaruba ya mpunga. Mwanadamu alishuka bondeni asubuhi kutafuta chakula, na jioni alipanda kwenda kulala. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani huko Tanga, aliwaonyesha wataalamu wa ulimwengu kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mnyororo, na kwamba mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Wataalamu walilipokea jambo hilo kama ugunduzi. Mkulima wa Usukuma alikuwa akiupanga mji wake kwa elimu hiyo hiyo.

Niseme kidogo juu ya mbuga, kwa maana ndiyo inayotudanganya zaidi. Mfinyanzi wake ukilowa huvimba na kujifunga, hata maji ya mvua yanayofuata hayapati pa kupenyea, yanabaki juu. Ukikauka husinyaa na kupasuka. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa juu yake huinuliwa kidogo wakati wa masika na kushushwa kidogo wakati wa kiangazi, kila mwaka, upande huu zaidi kuliko upande ule. Ndipo mnapoona nyufa zinazoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda hadi kwenye paa, na fundi analaumiwa bure.

Kwa nini tuliyasahau majina hayo

Si kwamba watoto wa leo ni wajinga kuliko babu zao. Mambo yalibadilika. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 watu walitolewa katika miji yao iliyotawanyika, wakapangwa pamoja ili wapate shule, zahanati na maji. Nia ilikuwa njema na matunda yake tumeyala. Lakini nyumba nyingi zilipangwa kwa mstari kufuata barabara, na barabara hupenda tambarare. Aliyekuwa amelala kwenye luseni akajikuta amelala kwenye itogolo.

Kisha ikaja dhahabu. Mahali penye dhahabu mtu hachagui mteremko, hufuata duara. Ameanza na turubai, akaongeza bati, akaleta mke na watoto, na kabla hajatafakari, kambi imekuwa mtaa na mtaa umekuwa mji. Buseresere yetu na jirani zetu wa Katoro tumekua kwa biashara na kwa uchimbaji upesi kuliko wapimaji wa ardhi walivyoweza kutufuata. Mpaka wa wilaya unapita kati yetu na wao, lakini maji hayasomi mpaka. Wanachojenga wenzetu walio juu ya mkondo, sisi tulio chini tunakipokea mvua inaponyesha.

Jambo la tatu ni miti. Katika nchi ya Shinyanga misitu ilifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuwaondoa mbung'o, kisha ikafyekwa kwa ajili ya pamba, kuni na mkaa. Huku kwetu imeongezeka haja ya matimba ya kushikilia maduara. Kilima chenye nyasi na miti hushika mvua kwanza, kikaiachia polepole. Kilima kilicho uchi huitupa yote bondeni kwa saa moja. Kwa hiyo hata mahali ambapo babu alilala pakavu, mjukuu anaweza kulala majini. Wenzetu wa Shinyanga waliligundua hilo, na kuanzia mwaka 1986, kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, waliirudia desturi ya ngitili, wakatenga maeneo ya malisho yapumzike na miti iote upya. Ngitili ni malisho, lakini kwa aliye bondeni ngitili iliyo kilimani ni ukuta wa nyumba yake.

Yaliyotokea kwa wenzetu

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe yenye upepo iliipiga kata ya Mwakata, wilayani Kahama. Watu zaidi ya 40 walikufa. Hapakuwa na mto mkubwa uliovunja kingo zake. Mawe ya barafu na maji vilijaa katika nchi tambarare, na nyumba za tofali za udongo zikalowa na kuwaangukia waliolala. Wengi wetu hapa tuna ndugu pande zile na tunazikumbuka siku zile za misiba. Basi asiwepo mtu wa kusema, "Mimi niko mbali na mto, hainihusu." Katika nchi yetu ya tambarare, maji yasiyo na pa kwenda hufanya mto mahali yalipo.

Wako wanaosema dawa ni kujenga tuta. Watu wa Kilosa, mkoani Morogoro, waliishi kando ya mto Mkondoa wakiwa na tuta la kuwakinga. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 mto ulifurika, tuta likabomoka, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na reli ya kati ikakatika. Tuta ni jambo jema, lakini lina hatari yake: likisimama miaka mingi bila kutunzwa, watu huwa na imani nalo kiasi cha kujenga mlangoni pa mto. Nako Dar es Salaam, Desemba 2011, waliojenga katika bonde la Msimbazi walivamiwa na maji, watu zaidi ya 40 wakafa jijini, na Serikali ikazihamishia familia nyingi Mabwepande. Waliofika bondeni pale hawakuwa wajinga. Walikuwa maskini, na kiwanja cha bondeni ndicho kilichoendana na mifuko yao.

Kuhamisha watu nako kuna somo lake. Baada ya mafuriko makubwa ya mto Rufiji ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde wakakae kwenye miinuko. Lakini chakula kilibaki bondeni, kwa kuwa ni mafuriko hayo hayo yanayolirutubisha shamba. Wakulima wakaendelea kushuka kwa msimu, wakilala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, mpaka wavune. Tazameni jinsi Mrufiji na Msukuma, wasioonana, walivyofikia jambo moja: bonde ni pa kulima, mwinuko ni pa kulala. Hakuna aliyeukataa mto. Waliupa nafasi yake.

Hesabu ya miaka mia moja

Sasa nije kwenye jambo linalohusu sherehe hii moja kwa moja. Mtu anaponunua kiwanja humwuliza muuzaji, "Je, hapa maji hufika?" Naye hujibu, "Tangu nizaliwe sijayaona." Pengine hasemi uongo. Chukueni mfano wa ziwa letu la Victoria, ambalo wenzetu wa Chato wanaliona kila asubuhi. Kati ya mwishoni mwa 1961 na mwaka 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, likameza mashamba na miji ya kando. Baadaye lilishuka, watu wakarudi, wakajenga. Mwezi Mei 2020 lilifika tena pale pale lilipofika mwaka 1964, likapita kidogo. Kati ya hapo ilipita miaka 56. Mtu mzima wa miaka hamsini angeweza kuapa mbele ya Wazee kwamba maji hayafiki, akawa amesema kweli yote anayoijua, na bado akawapoteza.

Wahandisi wana kipimo wanachokiita mafuriko ya miaka mia. Maana yake si kwamba yakija leo tumepumzika karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka nafasi ya kuyapata ni moja katika mia. Hesabu hiyo inaonekana ndogo. Lakini kwa nyumba itakayokaliwa miaka 30, nafasi ya kuyaona inazidi moja kwa nne. Kwa kanisa litakalosimama miaka 100, inakaribia theluthi mbili. Anayejenga kibanda cha msimu mmoja anaweza kubahatisha. Sisi tunaosema tunajenga kwa ajili ya wajukuu hatuna ruhusa ya kubahatisha.

Namna ya kukisoma kiwanja

Nimeombwa niseme kwa vitendo. Basi kabla kamati haijatoa fedha, ifanye haya yafuatayo.

Kwanza, kiwanja kitembelewe mara mbili, kiangazi na masika. Kama muuzaji hawezi kusubiri mpaka Aprili, kamati ijiulize kwa nini ana haraka.

Pili, waulizwe wakazi, wala si wanaume wa barazani tu. Wanawake wanaoteka maji na watoto wanaochunga wanajua kila njia ambayo maji hupita. Msiulize kwa ujumla. Ulizeni kwa mwaka: mvua za El Nino za 1997 na 1998 maji yalifika wapi? Za 2019 na 2020 je? Za mwishoni mwa 2023 na mwanzo wa 2024 je? Mwambieni mtu awapeleke akaweke mkono wake kwenye mti.

Tatu, someni mimea na viumbe. Matete na mafunjo hayaoti mahali pakavu. Makoga ya konokono udongoni yanasimulia maji yaliyokaa. Majani makavu yaliyonasa matawini ni kipimo kilichoachwa na mafuriko yenyewe. Vichuguu nivitajeni pia, kwa maana mchwa naye ni mjenzi: katika mbuga huinua nyumba yake juu ya maji, na penye vichuguu vingi vya zamani mara nyingi pana nafuu kuliko pasipo navyo.

Nne, chimbeni shimo la kufika kiunoni. Udongo mwekundu au wa kahawia unaofanana hadi chini ni dalili njema. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu ni shahidi kwamba maji hukaa humo sehemu ya mwaka. Lijazeni shimo maji jioni. Asubuhi mkiyakuta yamebaki, mmejibiwa.

Tano, simameni juu ya kilima mtazame. Kutoka chini mtaona kiwanja tu. Kutoka juu mtaona mkondo, hata kama umekauka miaka kumi. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, nao hawakusema hufuata mkondo wenye maji.

Sita, tazameni kilicho juu yenu. Katika nchi yetu ya dhahabu hili ni zito. Penye mialo ya kuchenjulia na marundo ya marudio, mvua kubwa huusomba mchanga wenye zebaki hadi visimani na mashambani. Maduara yaliyoachwa wazi hujaa maji, na ardhi iliyo kando yake hutitia. Tunakumbuka Mererani, Machi 2008, maji ya mvua yalipoingia katika machimbo ya tanzanite na kuua makumi ya wachimbaji. Msijenge chini ya mwalo, wala karibu na duara ambalo hakuna ajuaye linaelekea wapi chini ya ardhi.

Saba, sheria iheshimiwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaliruhusu eneo kama hilo litangazwe kuwa ardhi ya hatari. Lakini mita 60 ni kiwango cha chini. Kwenye mto wenye kingo ndefu zinaweza kutosha. Kwenye mbuga tambarare maji huzivuka mita hizo kabla ya chakula cha mchana.

Asiye na mwinuko afanyeje

Najua yuko anayesikiliza na kusema moyoni, "Mwalimu, mimi nimekwisha kununua, na fedha imekwisha." Sitaki aondoke hapa na huzuni bila msaada. Huyo aanze kwa kutafuta alama ya maji ya juu kuliko zote zinazokumbukwa, kisha sakafu yake iwe juu ya alama hiyo. Msingi uwe wa mawe, uvuke ule udongo mweusi hadi ardhi isiyovimba, au mfinyanzi utolewe na kujazwa changarawe iliyoshindiliwa. Kozi za chini ziwe za tofali za kuchoma na saruji, hata kama za juu zitakuwa mbichi, kwa maana ukuta hufia miguuni. Upande wa juu wa nyumba uchimbwe mfereji wa kuyapitisha maji pembeni, wala usielekezwe mlangoni pa jirani. Choo kiinuliwe, kiwe mbali na kisima mita 30 au zaidi na upande wa chini wake, kwa kuwa baada ya mafuriko kipindupindu huua watu ambao maji yaliwaacha hai. Na familia ijue tangu leo itakimbilia wapi usiku, kwa njia ipi, nani atambeba bibi na nani atawashika watoto.

Kwa kamati za mitaa nasema neno gumu zaidi. Mtu binafsi anaweza kusukumwa bondeni na umaskini. Kanisa likijenga bondeni huwa linawaita wengine wajenge huko, kwa sababu watu huamini kwamba mahali ambapo Wazee wamepapitisha ni salama. Tena, siku ya mafuriko watu hukimbilia kanisani na shuleni. Jengo hilo likiwa la kwanza kuzama, tumewanyang'anya kimbilio lao. Kwa hiyo kiwanja cha mteremkoni chenye mawe, hata kama ni ghali na ni mbali kwa wazee kupanda, kinunueni. Kiwanja cha bure cha bondeni kipokeeni kwa shukrani, mpande mpunga, na mauzo yake yasaidie kumalizia paa kule juu.

Hitimisho

Washarika wote mnaujua mfano wa wajenzi wawili, mmoja kwenye mwamba na mwingine kwenye mchanga. Tumeuhubiri mara nyingi kwa habari ya mioyo, na ni sawa. Lakini aliyeutoa aliwaambia watu wa nchi yenye makorongo makavu kama yetu, ambayo kiangazi ni mchanga mweupe unaovutia na masika ni mto. Angalieni kwamba mvua haikubagua. Mito iliwajia wote wawili. Na Mwinjili Luka anaongeza kazi ya mjenzi wa kwanza, kwamba alichimba kwenda chini mpaka akaupata mwamba. Ina maana kwamba kwa macho tu, siku ya jua, viwanja vile viwili vingeweza kufanana.

Namaliza kwa ombi moja. Kitabu hiki cha miaka mia moja kimehifadhi majina ya waliobatizwa na waliofunga ndoa. Naomba kila mtaa ufungue pia daftari la maji. Kila masika andikeni tarehe, na maji yalipofika: kwenye ngazi gani, kwenye mti gani, katika nyumba ya nani. Wekeni alama ya rangi kwenye nguzo ya jengo, na mwaka wake. Ni kazi ya dakika kumi, haihitaji harambee. Lakini kamati ya ujenzi ya miaka 50 ijayo, itakaposimama kwenye kiwanja kikavu mwezi wa Agosti ikiwa na futi kamba mkononi, itakuwa na wa kumwuliza hata kama wenyeji wote wa leo tumelala.

Na katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo, kama Wazee wakikubali, liandikwe swali ambalo katibu mmoja kijana aliliacha nje ya muhtasari wake: "Wanangu, mnajenga nini hapa?"